Redio Mpya ya Mzee Rudia

Siku redio ya kibasi ilipokufa, Mzee Rudia alifurahi. Hakusema kwamba amefurahi, maana hakuwa mtu wa kusema mambo ya aina hiyo, lakini mkewe alimwona. Alishuka kwenye kiti cha dereva kifua mbele, akasimama katikati ya ua, akaunyooshea kidole moshi mwembamba uliokuwa ukitoka kwenye dashibodi.

"Nilisema! Nilisema redio hii ni takataka. Mwaka mzima inanong'ona kama mgonjwa, na leo imekata roho."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Redio ile haikuwa ikinong'ona hata kidogo. Mwaka mzima ilikuwa ikipiga kelele za kutikisa mapazia, vikombe vikicheza ngoma kwenye kabati lao dogo, mpaka jirani wa upande wa pili akaja siku moja kuuliza kwa adabu kama kuna sherehe ambayo yeye hakualikwa. Ilikuwa redio ya zamani, ya kaseti, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, na Mzee Rudia alikuwa amekizungusha kile cha sauti mpaka mwisho na bado akawa anaendelea kukizungusha, kama mtu anayekamua nguo iliyokwisha kukauka. Kwanza ilipasuka spika ya kushoto, ikafuata ya kulia. Sasa mashine yenyewe.

"Umeiua mwenyewe, mzee mpuuzi," mkewe alisema kwa sauti ya chini, huku akitabasamu.

Mzee Rudia akamtazama kidogo. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

Mzee huyu alikuwa mtahini wa madereva. Kazi yake ya maisha ilikuwa kukaa kwenye kiti cha abiria, mikono juu ya magoti, pembeni ya mtu anayetetemeka, na kusubiri mtu huyo akosee. Akikosea, mzee hakukemea wala hakueleza. Alisubiri gari lisimame, akafungua mlango, na kabla hajashuka akasema neno moja tu: "Rudia." Mji mzima ukampa jina hilo, naye akalivaa kama nishani. Alipostaafu aliendelea kutahini bila mshahara. Chai ikiwa na majani mengi, rudia. Fundi aliyepaka rangi lango, rudia. Mkwe wake, mume wa binti yao, alipokuja nyumbani mara ya kwanza na kuegesha gari nje, aliinua macho akamwona mzee dirishani amekunja mikono, anamtazama. Mpaka leo mkwe huyo huliacha gari kwenye kona ya barabara akaja kwa miguu.

Kibasi alikinunua baada ya kustaafu. Kilikuwa kizee nacho, rangi ya maziwa juu na kahawia chini, ndani kina kitanda cha kukunja, jiko la gesi la vichomeo viwili, na sinki lisilozidi ukubwa wa bakuli. Mzee alikipenda kwa namna yake ya kupenda, yaani kwa kukidharau. Kila mwisho wa wiki walitoka nacho, wakaenda kulala kando ya mto au pembeni ya msitu, mahali ambapo simu zinakuwa mawe na hakuna cha kusikiliza ila redio. Mzee ndiye aliyeendesha siku zote. Mkewe hakuwahi kuomba leseni. Kutahiniwa na mume jikoni na mezani kulimtosha.

Mke mwenyewe watu walimwita Mama Opereta, kwa sababu alifanya kazi kwenye mitambo ya simu ya hospitali kubwa mpaka nywele zikamgeuka mvi. Kazi ile ilimfundisha masikio. Alijua mtu anayelia huku anajidai ana mafua, na alijua bosi anayesema hayupo. Zaidi ya yote alijua kwamba mtu asiyesikia hakubali kuwa hasikii. Husema ndiyo. Lakini ndiyo yake huchelewa kidogo, kwa sababu huisubiri sauti yako ikome kwanza ndipo akisie kama ulikuwa unauliza, unalalamika, au unatania. Ndiyo ya namna hiyo ilipoanza kusikika mezani kwake, Mama Opereta aliitambua papo hapo.

Na lile neno maarufu la mumewe nalo lilikuwa limebadilika kazi. Zamani lilikuwa la chai. Sasa mkewe alimwambia, "Binti yetu anakuja kesho," naye mzee akakunja uso: "Rudia." Mwanzoni Mama Opereta alidhani sentensi zake zinafelishwa. Baadaye akaelewa.

Alimwambia. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamtajia na kliniki ya masikio. Mzee alifyonya.

"Tatizo ni kwamba watu hawatamki maneno. Siku hizi kila mtu anaongea kama ana kijiko mdomoni. Hata wewe, uliyelipwa kwa ajili ya sauti yako, unanong'ona."

"Baba, nenda ukapimwe tu," mkewe alisema.

"Masikio haya yalikuwa yanasikia gia ikikwaruza gari likiwa bado halijaingia mtaani! Nikapimwe na nani? Na mtoto aliyevaa koti jeupe?"

Hayo yakaisha. Mama Opereta akaanza mchezo wake.

Ulianza kwa bahati mbaya, asubuhi moja mzee aliporudisha chai. Mama Opereta alichukua kikombe, akageuka kuelekea jikoni, na maneno yakamponyoka: "Zee la kiburi." Akashtuka, akageuka. Mzee alikuwa nyuma ya gazeti lake. "Ndiyo," alisema, "na usitie sukari nyingi."

Tangu hapo hakuacha. Alimtukana polepole, asubuhi na jioni, kwa sauti tamu ya mtu anayemwagilia maua. Ungejua unavyojisikia, ungejificha chini ya kitanda. Hao uliowarudisha wote wanaendesha, wewe peke yako ndiye uliyesimama. Zee la kiburi. Naye akajibu ndiyo, na bila shaka, na ndivyo nilivyosema. Chai zote zilizorudishwa katika ndoa yao zilikuwa zinalipizwa kisasi nyuma ya gazeti, na Mama Opereta hakuona ubaya. Mtu asiyesikia tusi limemdhuru nini? Alikuwa ameolewa na dharau kwa miaka mingi kiasi kwamba sasa aliiongea kama lugha ya kwao.

Redio ilipokufa, basi, wakaenda mjini kutafuta nyingine.

Duka lilikuwa refu na jembamba, ukuta mzima umejaa redio za magari zinazometameta, kila moja na taa yake, bluu, nyekundu, zambarau. Kaunta ilikuwa ya kioo. Upande wa pili kulikuwa na ubao mpana uliopachikwa spika za kila ukubwa, ili mteja achague kwa masikio yake. Nyuma kulikuwa na mlango unaofungukia ua wa mafundi. Muuzaji akatoka nyuma ya kaunta mikono wazi. Alikuwa mtu wa makamo, tumbo limemtangulia, shati jeusi la kung'aa, na marashi ya kutosha watu wa basi zima. Mama Opereta alimdharau kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua hakumwangusha.

"Karibuni wazee wangu! Shikamooni! Mmekuja mahali penyewe, hapa tunauza wanyama wa sauti, hatuuzi redio!" Kisha mikono ikashuka. "Ah! Si Mzee Rudia huyu?"

"Marahaba," alisema mzee. "Wewe nani?"

"Ulinirudisha wewe! Kwa sababu ya kioo cha pembeni. Nikaja tena, ukanirudisha tena. Kioo hicho hicho!"

Mzee alimtazama kuanzia kiatu mpaka kichwa. Uso wa muuzaji ulikuwa karibu na umeelekea taa, midomo yake ikionekana, kwa hiyo alimwelewa vizuri. "Na baadaye ulikitazama?"

"Baadaye nilinunua pikipiki."

"Nayo ina vioo," alisema mzee, akampita.

Muuzaji alicheka kwa meno tu. Mama Opereta aliyaona meno hayo, akayaweka akilini.

Yeye alikuja akijua anachotaka. Tundu la redio kwenye dashibodi ya kibasi lilikuwa jembamba na fupi, kwa sababu nyuma yake limepita bomba la hewa; redio ndefu isingeingia. Alitaka kitufe cha kuzungusha, cha kushikika, maana barabara za kwenda mtoni zina mashimo na kidole hakiwezi kulenga kioo wakati gari linarukaruka. Alitaka redio inayokamata vituo vya mbali. Na alitaka isiyokunywa betri usiku kucha wakati kibasi kimesimama, ili asubuhi wasije wakasukuma. Aliyaeleza hayo yote kwa utaratibu, kwa sauti yake ya mitambo ya simu. Muuzaji aliitikia kila neno kwa kichwa na hakusikia hata moja, ingawa masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Mama, usijali kabisa. Nina mnyama hapa." Akatoa kitu chenye kioo kipana kama sinia. "Skrini! Unaangalia filamu, unaangalia ramani, unapokea simu, na hapa nyuma tunakufungia kamera, ukirudi kinyumenyume unaona kila kitu."

"Kamera ya nyuma," alisema Mzee Rudia, "ni ya mtu asiyejua kutumia vioo."

Muuzaji akaigusa skrini. "Sawa mzee. Lakini sauti yake..."

"Itaingia wapi?" Mama Opereta aliuliza. "Nimekwambia tundu ni dogo."

"Tunakata dashibodi kidogo tu, Mama. Fundi wangu anakata kama keki."

"Akakate ya mama yake," alisema Mama Opereta kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu mwingine alimsikia. Muuzaji aliirudisha skrini kwenye sanduku.

Alileta nyingine, yenye taa zinazobadilika rangi kufuata mdundo. Mzee aliuliza kama hiyo ni redio au baa. Alileta ya tatu, ndogo, nyepesi, isiyo na mahali pa kaseti wala sahani za muziki, ya simu na flashi tu. Mzee aliipima mkononi akasema hicho ni kipande cha sabuni. Alileta ile yenye uso unaochomoka ili wezi wasiione, na mzee akataka kujua ni mwizi gani huyo mwenye njaa ya kiasi hicho. Kila redio ilipochomekwa kwenye ubao wa spika, alisimama mbele yake mikono nyuma, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu.

"Inanong'ona."

"Hii, mzee? Hii ina nguvu ya disko!"

"Inanong'ona. Ongeza."

Muuzaji akaongeza. Ulikuwa muziki wa besi nzito, na kioo cha kaunta kikaanza kuimba chenyewe. Vibandiko vya bei vikatikisika ukutani. Nje, mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu aliziba sikio moja akaharakisha. Fundi wa uani, mwanamume mrefu mwenye bisibisi sikioni kama kalamu, alichungulia mlangoni kuona kimetokea nini.

"Ongeza, nimesema! Unaogopa nini?"

Muuzaji akaongeza tena. Mama Opereta alihisi besi ndani ya meno yake. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya ubao, shingo imepinda kidogo, kama mtu anayejaribu kutambua ni nani anayebisha hodi.

"Haina sauti," alisema.

Muuzaji aliipunguza redio mpaka ikawa kama inzi ndani ya chupa. Akamtazama mzee. Akamtazama Mama Opereta. Kisha akayainua mabega kidogo, na uso wake wote ukajaa nuru: alikuwa ameelewa.

Na Mama Opereta, ukweli ni kwamba alisubiri kwa hamu. Mwache aambiwe, aliwaza. Mwache aambiwe na mtu aliyemrudisha, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika: Mzee, wewe ni kiziwi. Yeye alikuwa amesema mwaka mzima bila kusikilizwa. Labda kwa mwanamume mwenye shati la kung'aa angesikiliza.

Lakini muuzaji hakutumia sauti ya kusikika. Alijipinda nyuma ya mzee, akajifanya anapanga nyaya, na kwa sauti ya chini, tamu, akasema, "Mzee, suruali yako imechanika nyuma."

Kimya kidogo. "Ndiyo," alisema Mzee Rudia, macho kwenye spika. "Endelea."

Fundi alipuliza kicheko puani. Muuzaji akapata nguvu. "Kila mtu anaiona chupi yako, mzee wangu."

"Bila shaka," alisema mzee.

Mama Opereta alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu, kicheko kizima, cha tumboni, na mzee akageuka. Aliwakuta watu watatu wanacheka. Alimtazama fundi, akamtazama muuzaji, akamtazama mkewe muda mrefu zaidi, akitafuta usoni mwake ni kitu gani kilichosemwa. Hakukipata. Basi na yeye akacheka. Alicheka kwa kuchelewa, ha, ha, mdomo wazi na macho yamesimama, kama mtu anayelipa nauli ya safari asiyoijua.

Mama Opereta alikuwa hajawahi kumwona mumewe akiigiza. Alimwona akidharau, akinuna, akifyonya, akifukuza watu, lakini hilo la kujipendekeza kwa watu wanaomcheka hakuwahi kuliona, na lilimchoma vibaya.

Muuzaji hakuwa ameshiba. Alimgeuzia mzee mgongo, akachukua kitambaa kufuta kaunta, akasema kwa sauti ile ile ya asali, "Zee la kiburi."

"Ndiyo," alisema Mzee Rudia. "Ndivyo nilivyosema."

Maneno yalikuwa yale yale. Sauti ilikuwa ile ile. Hata kitambaa kilikuwa kinazunguka juu ya kaunta kama chake yeye kinavyozunguka mezani kila asubuhi baada ya chai. Mama Opereta alijiona jikoni mwake amevaa shati jeusi la kung'aa.

"Zima hiyo redio," alisema.

"Mama, utani tu..."

"Nimesema zima."

Muuzaji akazima. Mama Opereta aliweka mkoba wake juu ya kioo cha kaunta, na alipoongea alitumia sauti aliyokuwa akiitumia kwa madaktari waliokuwa wakipiga kelele kwenye simu, sauti isiyopanda hata kidogo.

"Miaka yote hiyo umemsubiri mtu huyu. Siku amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, umesimama nyuma ya mgongo wake unamnong'onea mambo ya chupi. Ungemtukana mbele yake, ningekuita mwanamume. Hata tusi unaliogopa! Ndiyo maana alikurudisha. Mtu mzima, tumbo kama gunia, unacheza mchezo wa watoto wa chekechea."

Alijua, hata akiwa bado anaongea, kwamba nusu ya maneno hayo yalikuwa yanarudi kumpiga yeye mwenyewe kifuani. Hakuacha kuongea kwa sababu hiyo. Aliongea zaidi.

"Na dukani kwako hakuna mnyama hata mmoja. Kuna taa tu. Nipe ile pale chini."

Kwenye rafu ya mwisho, chini ya vumbi, kulikuwa na redio nyeusi, fupi, isiyo na urembo, yenye vitufe viwili vya kuzungusha.

"Ile?" Muuzaji alikuwa amepoteza rangi. "Ile Mama, ile tunawauzia wenye matrekta."

"Basi ndiyo hiyo. Na spika mbili za kawaida. Na huyo fundi wako aache kucheka aje aifunge."

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Rudia. "Mnasema nini?"

Mama Opereta alimgeukia, akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso. "Tumepata redio!" alisema kwa nguvu.

"Ipi? Mimi sijaikubali yoyote."

"Nimeikubali mimi."

Mzee aliutazama uso wa mkewe, akatangulia kwenda uani.

Fundi aliifunga redio kule uani, amejilaza chali chini ya dashibodi, miguu inaning'inia nje ya mlango wa kibasi. Hakucheka tena. Mzee Rudia alikaa kwenye ngazi ya mlango wa ubavuni, mikono juu ya magoti kama zamani kazini. Mkewe akakaa kando yake.

"Wewe ulicheka," alisema mzee bila kumtazama.

"Nilicheka."

"Walisema nini?"

Angeweza kumdanganya, na ingekuwa rahisi. "Alisema suruali yako imechanika nyuma!"

Mkono wa mzee ulikwenda nyuma wenyewe. Ukapapasa, ukatulia. "Imechanika?"

"Haijachanika."

Fundi aliomba radhi, akawasogeza kidogo, akachukua koleo, akarudi chini.

"Nilimrudisha kwa haki yule," alisema Mzee Rudia hatimaye. "Alitaka kutugongesha na lori la mchanga. Na leo bado hatazami." Akafyonya. Kisha, kama mtu anayetema kitu kichungu: "Hiyo kliniki yako ipo wapi?"

Alikwenda, na alimdharau kila mtu aliyemkuta huko. Mpimaji, alisema, ni mtoto, na vyumba vyao ni kama makabati, na ile milio ya kupimia masikio hata popo hawezi kuisikia. Alirudi nyumbani na kifaa kidogo chenye rangi ya ngozi kwenye sikio la kulia, akasema kinamfanya afanane na redio iliyoharibika. Alikivaa hata hivyo. Siku ya kwanza alilalamika kwamba sahani zinapiga kelele, maji yanapiga kelele, na gazeti linapofunuliwa ni kama bati linapasuliwa.

Asubuhi iliyofuata alionja chai, akakisogeza kikombe mbele. Mama Opereta alikichukua. Alikuwa ameapa kuacha, na alikuwa ameacha kweli tangu siku ile ya dukani, lakini mdomo una mazoea yake. Alipogeuka kuelekea jikoni, ukafunguka wenyewe.

"Zee la kiburi."

Nyuma yake gazeti lilishuka. Alilisikia likishuka.

"Tangu lini?" aliuliza Mzee Rudia.

Mama Opereta alisimama na kikombe mkononi. "Tangu mwaka jana."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nawaza tu."

Mzee alinyanyuka. Hakufyonya. Alichukua kofia yake na mto kutoka chumbani, akatoka uani, akaingia kwenye kibasi, akavuta mlango. Akahamia huko. Chakula alikuja kula, akala, akarudi. Mama Opereta naye alikuwa na kiburi chake, hakumfuata. Alikaa jikoni akiidharau hali yote ile: mzee wa umri ule kususa kama bwana harusi, na mama wa umri ule kukamatwa akisengenya peke yake. Hakujua ni yupi kati yao aliye mjinga zaidi. Jioni alisikia redio ikiwashwa kule kwenye kibasi. Haikutikisa kitu. Kutoka dirishani ilisikika kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Jirani alipita langoni akauliza kama wanajiandaa kusafiri. "Tunajiandaa," alijibu Mama Opereta.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kulala, aliweka vikombe viwili kwenye sinia akavuka ua. Aligonga mlango kwa kiwiko. Hakuna aliyejibu, naye hakujua kama hasikiwi au anapuuzwa, kwa hiyo akaufungua. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, amekiegemeza nyuma, miguu haina viatu. Mama Opereta alizunguka akaingia mbele, akakaa kwenye kiti cha abiria. Sinia akaliweka juu ya dashibodi.

"Funga mlango," alisema mzee. "Mbu."

Akafunga.

Redio ilikuwa imekamata kituo cha mbali, chenye mikwaruzo, na mtangazaji alikuwa akisoma hali ya hewa ya sehemu ambazo wao hawajawahi kufika. Alisoma kwa haraka, akikata maneno katikati, akivuta pumzi mahali pasipostahili.

"Msikie huyo," alisema Mzee Rudia. "Anasoma kama anakimbizwa."

Mama Opereta alisikiliza kidogo. "Amesema mvua au mkuu?"

"Amesema mvua. Nadhani. Takataka kabisa."

"Nani aliyempa kazi?"

"Mjomba wake," alisema mzee. "Hakuna mwingine."

Alichukua kikombe kimoja, akanywa, akakunja uso, akanywa tena. Mtangazaji alikosea jina la siku, akajisahihisha, akakosea tena. Wote wawili walifyonya kwa pamoja. Mzee alinyoosha mkono akakizungusha kitufe kidogo tu, kushoto, akasema redio hii ya matrekta ina makelele, na kwamba kesho wakienda mtoni atataka kujua ni nani aliyeichagua.